SOMO: KUTOA TEFILINI ZILIZOLALA, NA KUZITENGENEZA KWA AJILI YA WENGINE

Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Kutoka 13:1-16, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Kumbukumbu la Torati 11:13-21.



Wazee wanasema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli. Lakini kuna ulizo moja ambalo mithali hiyo haituulizi: kile unachotoa, je, ni kizima? Mtu anaweza kutoa kwa moyo mweupe, kumbe kitu alicho nacho mkononi kimekwisha kuharibika ndani, naye anayepokea hajui. Mtoaji anarudi nyumbani na furaha, na mpokeaji naye ana furaha, lakini kazi ya ile zawadi haifanyiki.

Leo tutajifunza jambo hili kwa njia ya kazi moja inayofanywa katikati ya Wayahudi. Kazi hiyo ni kukusanya tefilini ambazo hazivaliwi tena, kuzipima, kuzitengeneza, na kuwapa wale wasio nazo. Tuifuate hatua kwa hatua.

1. TEFILINI NI NINI?

Ninyi mliosoma maandiko ya juu mmeona ya kwamba wana wa Israeli waliamriwa kuyaweka maneno ya Mungu yawe alama mkononi na ukumbusho kati ya macho. Wayahudi wanaishika amri hiyo kwa kuvaa vijumba viwili vidogo vya ngozi nyeusi, kila kimoja na mkanda wake. Kimoja kinafungwa juu ya mkono, upande wa ndani, kikielekea moyo, na mkanda wake unazungushwa mara 7 kushuka mpaka kiganjani na vidoleni. Cha pili kinakaa kichwani, mahali nywele zinapoanzia, katikati juu ya macho, na fundo la mkanda wake linakaa kisogoni.

Mwanamume Myahudi anaanza kuzivaa akifika miaka 13. Anazivaa asubuhi wakati wa sala, siku za kazi. Siku ya Sabato na siku kuu za Torati hazivaliwi, kwa sababu siku zile zenyewe ni alama. Katika makusanyiko mengine ya Kiyahudi ya siku hizi, wanawake pia wanazivaa.

Ndani ya vile vijumba kuna nini? Kuna ngozi laini iliyoandikwa kwa mkono. Maneno yake ni yale ya sehemu 4 za Torati: Kutoka 13:1-10, Kutoka 13:11-16, Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na Kumbukumbu la Torati 11:13-21. Katika kijumba cha mkono, sehemu zote 4 zimeandikwa juu ya ngozi moja. Katika kijumba cha kichwa kuna vyumba 4, na kila sehemu ina ngozi yake na chumba chake. Ukihesabu herufi zote za mkono na za kichwa, utapata 3188.

Si jambo jipya. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ziligunduliwa tefilini zenye umri wa miaka karibu 2000. Mwaka 1969 mtaalamu Yigael Yadin alitoa kitabu juu ya tefilini ya kichwa iliyotoka kule, na ngozi zake zikiwa bado zimekunjwa ndani.

2. JE, SI HIRIZI?

Mtu mmoja katika kikundi atainua mkono na kuuliza: kitu kilichoshonwa katika ngozi, chenye maandiko ndani, kinachofungwa mwilini, si hirizi hiyo? Ulizo ni la haki, kwa maana Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi inatumia neno hilo hilo, hirizi, katika Matayo 23:5. Na sisi watu wa huku tunajua hirizi ni kitu gani.

Basi tutofautishe. Hirizi inafungwa na mganga, na mwenye kuivaa anakatazwa kuifungua. Hajui kilichomo, wala hahitaji kujua. Nguvu yake, wanasema, iko katika kufichwa. Tefilini ni kinyume chake. Kila Myahudi anajua ni maneno gani yamo ndani, na maneno hayo hayo ni wazi katika Torati kwa kila mtu kusoma. Zaidi ya hayo, sheria inataka zifunguliwe na kusomwa kukiwa na mashaka. Ikiwa herufi moja tu imekosekana, wanasema tefilini hiyo haifai, hata kama kijumba kinang'aa namna gani. Neno lililotumiwa katika Kutoka 13 ni ukumbusho. Kinachotazamwa ni yale maneno, na ngozi ya nje ni nyumba yao tu. Kwa Kiebrania vijumba hivyo vinaitwa kwa neno lenye maana ya nyumba.

Mshike vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo linalofanya kazi ya kuzitengeneza iwe ya lazima.

3. KWA NINI NYINGINE ZINALALA KABATINI?

Babu amekufa. Watoto wake hawasali kama yeye, au walikuwa nazo zao. Mfuko wa kitambaa wenye tefilini unawekwa kabatini pamoja na miwani yake na picha zake. Hakuna anayethubutu kuutupa, wala hakuna anayeufungua. Miaka 20 inapita, 30, 40. Kisha nyumba inauzwa, na mjukuu anauliza: hiki tukifanyie nini?

Pengine ni safari ndizo zilizotenganisha watu na vitu vyao. Hapa kwetu Kongo tuna mfano ulio karibu. Katika mji wa Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, kuna sinagogi iliyojengwa karibu na mwaka 1930. Wayahudi wengi wa Katanga walitoka katika kisiwa cha Rhodes, na kuanzia mwaka 1937 mwalimu wao wa dini alikuwa Rabi Moïse Levy, aliyewatumikia kwa miaka mingi sana. Mwezi wa 7 mwaka 1944, Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1600, wakawapeleka Auschwitz. Waliookoka ni karibu 150 tu. Baada ya vita, wengine wa hao waliookoka walikuja kwa jamaa zao hapa Kongo. Na baada ya uhuru wa mwaka 1960, kisha baada ya serikali kutwaa biashara za wageni mwaka 1973, wengi wa jamii ile waliondoka kwenda Ubelgiji, Afrika ya Kusini, Israeli na kwingineko.

Fikirini basi jamaa ambayo katika maisha ya mtu mmoja imehama mara 2 au 3. Katika valizi ndogo unachukua nini? Unachukua kilicho cha baba. Ndiyo sababu tefilini inaweza kufika mbali sana na mahali iliposhonwa, na kukaa miaka mingi bila mkono wa kuivaa.

4. NI NANI ANAYEZIHITAJI?

Upande mmoja zimelala, upande mwingine wako watu wanaozitafuta. Tefilini mpya zilizo halali zinauzwa mamia ya dola, na zile bora zinapita dola 1000. Si kwa sababu ya ngozi. Ni kwa sababu ya mkono wa mwandishi, ambaye anaandika herufi moja moja kwa kalamu ya unyoya au ya mwanzi na wino mweusi wa pekee, kwa saa nyingi, bila haraka.

Kwa hiyo wako vijana wanaofika miaka 13 na baba hana uwezo. Wako watu wazima ambao hawakufundishwa utotoni, na sasa wanataka kuanza. Katika Urusi na nchi zote za Soviet, dini ilibanwa kwa miaka mingi. Wayahudi wa kule walikosa waandishi, na vyombo vya ibada viliingizwa na wageni kwa siri. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1991, watu walikuwa huru kusali, lakini wengi hawakuwa na kitu mkononi.

Mwaka 1967 Rabi Menachem Mendel Schneerson, aliyekaa New York, aliwaagiza wafuasi wake watoke waende kwa Wayahudi wenzao barabarani, sokoni na hospitalini, wawasaidie kuvaa tefilini hata kwa dakika chache. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Hapo tunaona ya kwamba tefilini moja inaweza kutumikia watu wengi, kwa maana si lazima ziwe mali ya mwenye kuzivaa. Mtu anaweza kuazima. Sinagogi nyingi zinaweka tefilini za akiba kwa mgeni au kwa yule aliyesahau zake nyumbani.

Jirani zetu wa Uganda nao wana jamii ya Abayudaya, karibu na Mbale, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ni wakulima wengi wao. Mwalimu wao Gershom Sizomu alipata cheo cha rabi mwaka 2008 huko Marekani. Magombo ya Torati wanayosomea yametoka ng'ambo kama zawadi. Jamii ya namna hiyo, iliyo mbali na waandishi na mbali na maduka ya vyombo hivi, inatuonyesha thamani ya kitu kinachotoka katika kabati ya mtu mwingine.

5. KAZI YA FUNDI

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Mtu ametoa tefilini za babu yake. Je, zipelekwe leo leo kwa yule anayezihitaji? Hapana. Kwanza zinakwenda kwa mwandishi aliyesomea kazi hiyo na sheria zake. Sheria inasema ya kwamba tefilini zinazovaliwa kila siku zinahesabiwa kuwa nzuri mpaka kuonekane sababu ya mashaka, lakini zile zinazovaliwa mara chache zipimwe mara 2 katika miaka 7. Je, zile zilizolala miaka 40?

Hatua ya kwanza: anazifungua. Anakata ule uzi, ambao umetengenezwa kwa kano za mnyama aliye halali kuliwa, na anatoa ngozi zilizokunjwa. Pengine hapo hapo kunaonekana huzuni. Wako wafanya biashara wadanganyifu waliouza vijumba vyenye karatasi iliyopigwa chapa, na vingine vitupu kabisa. Mtu alivaa maisha yake yote akiamini.

Hatua ya pili: anasoma. Kila herufi ni lazima iwe nzima, isigusane na jirani yake, isiongezwe, isipunguzwe. Siku hizi mashine ya kompyuta inasaidia kuona neno lililorukwa, lakini jicho la mwandishi linabaki la lazima. Hapa kuna sheria moja ngumu. Herufi za tefilini zinaandikwa kwa kufuatana, ya kwanza mbele ya ya pili, mpaka mwisho. Ikiwa wino umepasuka kidogo na umbo la herufi bado linajulikana, pengine fundi ana ruhusa ya kuongeza wino. Lakini umbo likiwa limepotea, hawezi kuirudishia. Akiiandika leo, atakuwa ameiandika nyuma ya zile zinazoifuata, na utaratibu umevunjika. Ngozi hiyo haitengenezeki tena, hata kama imebaki herufi 1 tu kati ya 3188.

Hatua ya tatu: anatazama vijumba. Ni lazima viwe na pembe 4 sawasawa. Joto, maji na kuanguka vinapindisha ngozi. Kijumba kilichotengenezwa kwa ngozi nene ya ng'ombe kinaweza kukazwa tena katika mashine, kikanyooshwa na kupakwa rangi nyeusi. Kijumba cha zamani cha ngozi nyembamba iliyogandishwa kwa gundi mara nyingi hakistahimili kazi hiyo. Hapo fundi anatoa zile ngozi zilizoandikwa, kama ni nzima, na kuzipa nyumba mpya. Lakini hawezi kufanya anavyotaka: tefilini ya kichwa haishushwi kuwa ya mkono, kwa sababu ya kichwa ina utakatifu wa juu zaidi, na kitu kitakatifu kinapandishwa, hakishushwi.

Hatua ya nne: anarudisha ngozi kwa utaratibu wake. Tangu zamani walimu walitofautiana juu ya utaratibu huo. Rashi, aliyekufa mwaka 1105, alifundisha namna moja, na mjukuu wake Rabenu Tamu, aliyekufa mwaka 1171, alifundisha nyingine. Wayahudi karibu wote wanafuata ya Rashi, na wengine wanaongeza ya pili. Kisha anashona, mishono 12.

Hatua ya tano: mikanda na mafundo. Mkanda uliochanika unabadilishwa, uliopauka unapakwa rangi nyeusi. Na sasa ni lazima fundi aulize habari za mpokeaji. Kichwa chake kina kipimo gani? Desturi ya jamaa yake ni fundo la namna gani? Anatumia mkono gani? Mwenye kutumia mkono wa kuume anafunga juu ya mkono wa kushoto, lakini mwenye kutumia wa kushoto anafunga juu ya ule wa kuume, na kwake fundo linageuzwa. Mnaona? Zawadi haikamiliki mpaka mtoaji na fundi wamemjua yule atakayeipokea.

6. ZILE ZISIZOTENGENEZEKA

Si zote zinapona. Fundi anarudi kwa jamaa na kusema: ngozi za baba yenu zimekwisha. Hapo ndipo moyo wa mtoaji unapopimwa. Wengine wanahuzunika, wengine wanakasirika, wengine wanasema: mpe mtu tu hivyo hivyo, hatajua.

Lakini kumpa hivyo hivyo ni kumfanya asimame kila asubuhi akidhani ameshika amri, kumbe hajaishika. Ni afadhali yule asiyekuwa nazo, kwa maana anajua hana, naye ataendelea kutafuta. Aliyepewa zilizokufa hatafuta tena. Zawadi mbaya imefunga mlango ambao umaskini uliuacha wazi.

Basi zile zilizokwisha hazitupwi jalalani. Zinawekwa mahali panapoitwa geniza, kisha zinazikwa ardhini kwa heshima. Geniza iliyojulikana kuliko zote ni ile ya sinagogi ya Ben Ezra huko Cairo, ambamo mwalimu Solomon Schechter alifanya kazi mwaka 1896 na 1897, akakuta maandiko mengi sana ya kale. Na jamaa iliyotoa tefilini zisizofaa bado ina njia: kijumba chao chaweza kuwa kizima hata kama ngozi zimekufa, au wanaweza kulipia ngozi mpya, ili mtu mwingine avae katika nyumba ya baba yao.

7. MASHAURI KWA MWENYE KUTOA

Kwanza, usifungue mwenyewe. Kisu cha nyumbani kinaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Pili, zikae mahali pakavu, mbali na jua na joto, wala zisiachwe ndani ya motokari.

Tatu, eleza habari zake: zilikuwa za nani, alitoka wapi, zilivaliwa mwisho mwaka gani. Fundi ataelewa desturi ya mwandiko na umri wake.

Nne, ukiweza, toa pia feza ya kupima. Mtu anayetoa kitu cha kutengenezwa bila msaada wa kukitengeneza ametoa nusu, na nusu ya pili amemtwika mwingine.

Tano, kubali jibu la fundi, liwe zuri au baya.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu zangu, somo hili si la Wayahudi peke yao. Sisi pia tunatoa: nguo kwa wakimbizi, dawa kwa wagonjwa, vitabu kwa shule, baisikeli ya marehemu kwa kijana anayetafuta kazi. Mara ngapi tumetoa dawa bila kusoma tarehe yake? Mara ngapi tumetoa baisikeli bila kugusa breki? Tunasema: maskini hachagui. Wale waandishi wanafundisha kinyume. Kwa sababu mpokeaji hana njia ya kupima, ni juu ya mtoaji kupima kwa ajili yake. Asiyeweza kuuliza ndiye anayestahili kuulizwa zaidi: kichwa chako ni kipimo gani, unatumia mkono gani?

Tena tunaona ya kwamba kupima si kukosa heshima kwa marehemu. Jamaa inayokataa babu yao afunguliwe mfuko inadhani inamheshimu. Lakini babu hakuvaa zile ngozi kwa ajili ya kabati. Alizivaa kwa ajili ya maneno yaliyomo. Anayezifungua, akazisoma, akazitengeneza na kuzifunga juu ya mkono wa kijana wa miaka 13, huyo ndiye ameendeleza kazi ya mzee.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Ni tofauti gani kati ya hirizi na tefilini katika jambo la kufunguliwa na kusomwa?
2. Kwa nini herufi iliyopotea haiwezi kuandikwa upya?
3. Kwa nini inasemwa kwamba asiyekuwa na kitu ni afadhali kuliko aliyepewa kilichokufa?
4. Fundi anauliza nini juu ya mpokeaji, na kwa nini?
5. Nyumbani mwako kuna kitu gani kilicholala ambacho mtu mwingine anakihitaji? Kabla ya kukitoa, ni nani atakayekipima, na ni nani atakayelipa kazi ya kukitengeneza?

Amani iwe kwenu nyote.